Kurasa Tatu za Mwalimu wa Kemia

Chuo cha kwanza kunikubali kilikuwa hakipo. Wala sikuwa nimekiomba. Ujumbe uliingia kwenye simu ya shangazi, dada yake baba niliyekuwa nikikaa kwake Butembo, kwa Kifaransa kizuri mno, ukinipongeza kwa kuchaguliwa kati ya maelfu na kunitaka nitume picha ya pasipoti ambayo sikuwa nayo. Shangazi alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mimi niliitazama picha ya chuo chenyewe: jumba jeupe, bwawa la kuogelea mbele yake, na wanafunzi wa uhandisi wamelala chali kwenye viti vya kamba. Machale yakanicheza. Niliitafuta picha ile kwenye mtandao nikaikuta ikitangaza hoteli. Shangazi alinikasirikia mimi, si wezi. Alisema nina roho ya kuharibu furaha za watu.

Huenda. Lakini tangu siku ile nilianza kushuku kila kitu, na nisiwafiche, niliifurahia kazi hiyo. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa serikali, nina diploma yangu ya sekondari, na nilitaka kusomea magonjwa ya mimea. Sababu yangu ilikuwa shamba la kakao la mama kule upande wa Oicha. Miaka miwili mfululizo matunda yalikuwa meusi kabla ya kukomaa. Mtu wa kilimo alikuja, akaligeuzageuza tunda moja mkononi, akasema ni mvua. Nilimuuliza mbona shamba la jirani linanyeshewa mvua hiyohiyo na halina neno. Akaangalia saa yake. Nilitaka kusoma mahali ambapo mtu akiulizwa swali kama hilo haangalii saa.

Basi kila nilipopata mtandao nilivichunguza vyuo vya ng'ambo kama polisi anavyochunguza gari la magendo. Chuo kikisema masomo huanza wakati wa baridi, nilitazama kama wanafunzi pichani wamevaa makoti. Kikiweka picha ya mwalimu, nilimtafuta mwalimu huyo kwingine nione kama ana kazi nyingine, maana kuna mmoja niliyemkuta akiuza dawa za nywele. Nilikuwa na daftari. Upande wa kushoto niliandika vyuo vya wezi na upande wa kulia vyuo vya kweli, na kwa muda mrefu upande wa kulia ulibaki mweupe. Watu wa kundi letu la simu walikuwa wakitumiana viungo mchana kutwa, "jaribuni hapa, jaribuni hapa," nami nikawajibu kila mara kwamba ni uongo, mpaka wakanitoa kwenye kundi.

Hatimaye chuo kimoja kikaingia upande wa kulia. Kilikuwa Ulaya, katika mji mdogo wa mvua ambao hata picha zake hazikujaribu kumvutia mtu. Jambo hilo peke yake lilinipa imani. Kilikuwa na ufadhili kwa wanafunzi wa nchi zetu, na masharti yake yalikuwa makali na ya kizamani: fomu, nakala za diploma zenye mihuri, na barua ya siri ya mwalimu wa sayansi aliyenifundisha si chini ya miaka miwili. Barua iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, mwalimu aweke saini yake juu ya mdomo wa bahasha, na muhuri wa shule juu ya saini. Bahasha ikionekana imefunguliwa, maombi yote yanatupwa.

Siri. Neno hilo lilinikaa vibaya tangu mwanzo. Kwetu karatasi inayoandikwa juu yako usiruhusiwe kuisoma ni mashtaka. Na mwalimu wa sayansi aliyenifundisha miaka miwili alikuwa mmoja tu, mwalimu wa kemia, naye niliamini ananichukia.

Alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, Mkristo, aliyepangwa na serikali kuja kufundisha kwetu na kusahauliwa hapo. Mrefu, mkavu, hacheki. Katika darasa letu la sayansi mimi peke yangu nilivaa hijabu, na siku ya kwanza ya maabara alinisimamisha mbele ya wote akaniambia, "Funga hii kitambaa, ama utoke." Nilikifunga, lakini sikumsamehe. Ilinichukua muda kukubali kwamba taa ya spiriti ilikuwa inawaka karibu na mkono wangu, na kwamba ncha ya kitambaa ilikuwa ikining'inia juu yake. Hata nilipokubali, nilisema moyoni angeweza kutumia maneno mengine.

Kisha ikaja ile sifuri. Tulidondosha iodini juu ya unga wa muhogo, tuandike rangi tuliyoiona. Kitabu kinasema buluu nyeusi. Darasa zima liliandika buluu nyeusi. Mimi niliandika kwamba unga haukubadilika, kwa sababu haukubadilika. Alinipa sifuri wala hakueleza kitu. Nilibeba kinyongo hicho mwaka mzima, nikawa nakitoa na kukitazama kila nilipotaka hasira.

Nilipomwendea kuomba barua, alisoma masharti ya chuo mara mbili, polepole, kidole kikifuata mistari. Akasema, "Bon. Nitaangalia." Wiki mbili zikapita kimya.

Hapa lazima nimtaje baba. Baba ni dereva, na miaka yote ninayoikumbuka gari lake limekuwa likienda na kurudi kati ya Beni, nyumbani kwetu, na Butembo. Hubeba watu, magunia na kuku, lakini anajulikana kwa bahasha. Kwetu mtu akitaka karatasi zake zifike mji wa pili, haendi posta. Anakwenda parking, kituo cha magari, asubuhi, anamtafuta dereva anayemwamini, anampa bahasha mkononi na kumtajia mpokeaji kwa mdomo. Baba huzitia katika mfuko wa kitambaa anaouvaa shingoni, chini ya shati. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi alimtaka afungue bahasha ya mama mmoja. Baba akasema si yake kuifungua. Walimweka pale tangu asubuhi hadi adhuhuri ikapita, abiria wakimtukana yeye na ukoo wake, mpaka mama mwenyewe akaletwa kwa pikipiki. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo. Baba husimulia kisa hicho akicheka, lakini watu wa parking hawakicheki sana. Tangu hapo ndiye wanayemtafuta.

Wiki ya tatu mama alinipigia simu kutoka mtaani kwetu Beu, huko Beni. Hata salamu hakumaliza.

"Iko mutu alikuya huku Beu," alisema. "Anauliza juu yetu."

"Mutu gani, Mama?"

"Anasema iko mwalimu yako. Mais Swahili yake hapana ya huku. Alienda kwa butike, alienda kwa muskiti. Anauliza baba yako anabebaka nini."

"Alisema vile vile? Anabebaka nini?"

"Vile vile. Na anabebeaka banani. Miye nimeambia majirani: hapana kumujibu. Mwalimu gani huyu anauliza kintu kama ile?"

Mtu wa Beni hahitaji kuelezwa. Kwa asiye wa huko niseme tu kwamba kuna vita vya msituni visivyokwisha, kwamba watu wamekufa mashambani mwao wakichuma kakao, na kwamba mtu akinong'onezwa kuwa huwabebea watu wa porini vitu vyao, anaweza kupandishwa gari asionekane tena. Mgeni anayezunguka mtaani akiuliza baba wa fulani hubeba nini, tena hubebea nani, si mgeni wa kukaribishwa chai. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nikakumbuka kwamba yule mwalimu alikuwa na ndugu zake wa Kasai waliovaa sare, wawili watatu, aliokuwa akizungumza nao Kilingala getini. Nikaunganisha. Nilikuwa hodari wa kuunganisha.

Juma lilelile akaniita shuleni. Bahasha ilikuwa tayari juu ya meza: ya kahawia, saini juu ya mdomo wake, muhuri wa buluu juu ya saini. Ilikuwa nene.

"Donc, hii utaipeleka weye mwenyewe," alisema. "Usifungule. Ikifungulika, hapana kazi tena."

"Ndiyo, Prof."

"Weye mwenyewe. Hapana kupatia mutu."

Kwa nini mimi mwenyewe? Masharti hayakusema hivyo. Nikiwa njiani kwenda kwa shangazi niliiinua bahasha juani. Kurasa tatu. Nani anahitaji kurasa tatu kumsifu mwanafunzi aliyempa sifuri? Mtu hujaza kurasa tatu anapoeleza historia ya familia. Anapotaja barabara, gari, mizigo, majina. Na barua hiyo ingekwenda Kinshasa kwanza, kwenye ofisi, kabla ya kuvuka. Nikaona mambo yote wazi kabisa: nilikuwa nimepewa mashtaka ya baba yangu niyapeleke kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi shangazi alikwenda soko la Musienene kununua viazi. Nilitia makaa kwenye jiko la mbabula, nikaweka birika, na maji yalipochemka nikaishika bahasha juu ya mvuke. Sikusita, hilo niliseme. Gundi ililainika taratibu, nami nikaupandisha mdomo kwa ncha ya kisu. Wino wa muhuri ulitanuka kidogo pembeni, basi. Ningeweza kuifunga tena asijue mtu.

Barua ilikuwa ya mkono, kwa Kifaransa, kwa mwandiko uleule wa ubaoni. Ukurasa wa kwanza ulihusu unga wa muhogo. Aliandika kwamba chupa ya iodini ya shule ilikuwa imeharibika siku nyingi, kwamba yeye mwenyewe hakujua mpaka alipoona jibu langu, na kwamba wanafunzi arobaini waliandika rangi ambayo hakuna mtu aliyeiona. "Mmoja aliandika alichokiona," alisema. "Nilimpa sifuri kwa sababu mkaguzi husahihisha kwa kitabu, na kwa sababu nilikuwa nimeona haya. Nawaandikia ninyi jambo ambalo sijapata ujasiri wa kumwambia yeye."

Niliurudia mstari huo mara tatu. Birika lilikuwa bado linachemka, sikuliondoa.

Ukurasa wa pili ulimhusu baba. Fomu ilikuwa na swali nililolipita bila kulisoma vizuri: mwalimu aeleze anavyoijua familia ya mwombaji na tabia yake nje ya shule. Mtu mwingine angeandika kwamba ni familia nzuri na kutia saini. Yeye alipanda gari akaenda Beni kuuliza, maana hakutaka kuandika asichokijua. Aliandika kwamba wengi mtaani walikataa kumjibu, na kwamba hawalaumu. Waliojibu, mzee wa msikitini na muuza duka, walimweleza kazi ya baba: kwamba hubeba bahasha za watu, na kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kupokea bahasha iliyofunguliwa. Alieleza hata kisa cha kizuizi, na cheti cha ubatizo.

Ukurasa wa tatu ulikuwa mfupi. Naukumbuka neno kwa neno.

"Ningeweza kuitia barua hii mikononi mwa dereva yeyote. Nimempa mwombaji mwenyewe. Itakaa kwake siku kadhaa. Ana kila sababu ya kuifungua: ni msichana anayeshuku, na mimi nilimdhulumu. Ninyi hamna njia ya kunijua mimi, wala ya kumjua yeye. Basi itazameni bahasha. Ikiwafikia imefungwa, huo ndio ushahidi wangu juu yake, na sina ulio bora zaidi."

Nililia, tena si kwa staha. Nililia kwa hasira, kwanza juu yake, kwamba amenitega. Kisha nikaona kwamba hakunitega, mtego hutegewa mtu unayemtilia shaka. Alikuwa amenisifu kwa kitu ambacho nilikuwa nimekivunja ili nisome sifa yenyewe.

Nisijifanye mtakatifu: niliifunga tena. Niliikandamiza chini ya ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi ikatoka nyororo. Jumatatu nikapanda gari la baba kwenda Beni, ambako kulikuwa na ofisi ya wakala iliyopokea maombi na kuyatuma Kinshasa kwa ndege. Baba alikuwa na furaha njia nzima. Aliwaambia abiria kwamba mtoto wake anapeleka karatasi zake mwenyewe. Bahasha ilikuwa mapajani mwangu, nami nilikuwa nimeifunika kwa mikono yote miwili.

Ofisini kulikuwa na kijana wa Beni nyuma ya meza, mkali. Mtu aliyenitangulia alirudishwa kwa sababu bahasha yake ilikuwa na mkunjo pembeni. Kijana aliipeleka dirishani, akaukwaruza mdomo wake kwa ukucha, akasema, "Hii nani aligusa?" Yule mtu akaapa, akaapa tena, akatoka na bahasha yake. Nilisogea mbele nikiwa nimeandaa uongo wangu wote. Kijana akatazama jina la baba kwenye fomu, akachungulia nje ambako gari lilikuwa limeegeshwa.

"Weye uko binti ya ule chauffeur?"

"Ndiyo."

"Aah, basi." Aliiweka bahasha yangu juu ya nyingine bila kuigeuza. "Saini hapa."

Ilikuwa karatasi ya mstari mmoja: nathibitisha kwamba bahasha ya siri haikufunguliwa. Maisha yangu yote katika mji ule nilikuwa nimeona watu wakishukiwa kwa kosa lolote na pasipo kosa, kwa lafudhi, kwa viatu, kwa kuuliza njia. Siku pekee niliyostahili kushukiwa, mtu hakunitazama mara mbili. Nilichukua kalamu. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu, na ya pili. Kupitia dirisha nilimwona baba akimpokea mama mmoja bahasha, akiitia mfukoni na kufunga kifungo cha shati.

"Nirudishie," nilisema.

"Nini?"

"Ile anvelope. Nirudishie. Iko kintu inakosekana ndani."

Kijana akaniangalia. "Na weye unajua namna gani ya ndani?"

Nilinyoosha mkono tu. Aliitoa bahasha polepole, akanipa kwa vidole viwili, na macho yake hayakuwa yale ya mwanzo. Akasema ndege ya mwisho ya maombi ni keshokutwa saa sita mchana, na kwamba baada ya hapo nisijisumbue. Baba nilimwambia maneno yaleyale, kwamba kuna kitu kinakosekana. Hakuuliza ni nini. Alisema tu, "Basi, kesho tunarudia Butembo." Ningependa angeuliza.

Mwalimu nilimkuta uani shuleni. Ilikuwa likizo, shule tupu, naye alikuwa ameinama juu ya beseni akiosha mirija ya kioo ya maabara, mmoja mmoja. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilipomfikia nikamnyooshea bahasha tu. Alifuta mikono kwa suruali kabla ya kuipokea. Akaigeuza, akaupitisha kidole gumba juu ya muhuri.

"Ulisoma," alisema.

"Ndiyo, Prof."

"Yote tatu?"

"Yote."

"Juu ya nini ulifungula?"

"Niliwaza unaandika mubaya juu ya baba. Balisema ulikuwa kule Beu, unauliza anabebaka nini." Nilianza kulia tena. "Unisamehe, Prof. Niliogopa bataenda kumukamata."

Alikaa juu ya kizingiti cha maabara. Hakunikaripia, na ningefurahi kama angenikaripia.

"Kule Beu," alisema baadaye, "mama moya aliniona tu, akaingiza batoto yake ndani, akafunga mulango. Miaka kenda niko huku. Batu bananiangalia kama nilifika jana. Nilisema, mais, haizuru. Kule Butembo iko moya ananijua."

Nilimwambia ukweli mwingine mmoja, kwamba muda wa kupeleka maombi unakwisha kesho saa sita, na kwamba sikuja kumwomba kitu, najua sistahili. Huo wa pili haukuwa ukweli. Nilikuwa nimekuja kuomba, sikuthubutu tu kufungua mdomo, na yeye alilijua hilo.

Aliingia maabara, nami nikamfuata hadi mlangoni. Alitoa karatasi nyeupe, akaziweka kurasa zake upande wa kushoto, akaanza kunakili. Ukurasa wa kwanza aliunakili wote. Nilimwona akifika mahali pa iodini, akasimama, nikadhani atapafuta. Akaendelea. Wa pili aliunakili pia, mzee wa msikitini, kizuizi, cheti cha ubatizo. Ukurasa wa tatu aliushika muda mrefu. Kisha akaukunja mara nne, akautia mfukoni mwa shati, akaweka saini chini ya ukurasa wa pili.

Barua hiyo ya kurasa mbili ndiyo iliyonipeleka. Nilikubaliwa miezi minne baadaye, na mji ni wa mvua kweli, kama picha zilivyosema. Kwenye mkutano wa kutukaribisha, profesa mmoja aliniambia kwamba kamati ilicheka na kufurahi juu ya unga wa muhogo. Nilimshukuru. Niliwaza ukurasa wa tatu, uko wapi sasa, na kama aliutupa au bado anao.

Lakini siku ile bado. Alifunga bahasha mpya, akaweka saini, akagonga muhuri. Niliupeleka mkono mbele, kwa mazoea. Hakuniona, au alijifanya hakuniona. Akauliza, "Baba yako anapakia saa ngapi?" Tukaenda parking kwa miguu, yeye mbele na bahasha mkononi mwake, mimi nyuma. Baba alimpokea kwa mikono miwili na kelele nyingi.

"Aah, Prof! Karibu, karibu. Mama ya mutoto aliniambia ulifika kwetu, balikukatalia hata kiti. Unisamehe, miye nilikuwa ku njia."

"Hapana mubaya," mwalimu alisema. Akampa bahasha. "Hii ni ya ule bureau ya Beni. Ifike vile iko."

Baba akacheka. "Mais Prof, ulichoka bure kuya mpaka huku. Si ungepatia tu mutoto?"

Nilitazama chini. Nilimsikia mwalimu akikohoa kidogo.

"Weye ndiyo unabebaka anvelope," akasema. Akampa baba mkono, akaniaga kwa kichwa, akaondoka.

Gari lilijaa. Nilikaa mbele, kando ya baba, kwenye kiti ambacho humwekea mtu anayemheshimu. Alikuwa ameshaitia bahasha mfukoni, kisha akaghairi, akaitoa chini ya shati na kuninyooshea, macho yake kwenye kioo akitafuta nafasi ya kurudi nyuma.

"Kamata," alisema. "Si ni ya kwako? Beba weye mwenyewe."

"Hapana, Baba. Beba weye."

Aligeuka akaniangalia, bahasha ikiwa bado kati yetu. Nilidhani sasa ataniuliza, na nilikuwa tayari kumwambia. Akaitia tena chini ya shati, akafunga kifungo, akasema bismillahi, na tukaondoka.